Uongozi Si Mwisho wa Kujifunza



Kila yanapokaribia majira ya kuchagua viongozi, wawe wa vijiji, wa misikiti, au wa vikundi vyetu vya akina mama na vijana, maswali yanayoulizwa barazani huwa ni yale yale. Mtu huyu ni wa ukoo gani? Ana uwezo gani? Je, anajua kusema mbele za watu? Liko swali moja ambalo aghalabu hatuliulizi, nalo kwa maoni yetu ni kubwa kuliko hayo yote: Mtu huyu akikosea, hukubali kuelezwa? Na asipojua, huuliza?

Tumeona vema mwezi huu tulizungumze jambo hili, kwa sababu hapa kwetu Kumsenga, na katika vijiji vingine vya nyanda za juu za Kibondo na Kasulu, tumekwisha onja matunda yake, matamu na machungu. Watu wengi huona kuwa tabia njema na elimu ni mambo mawili mbalimbali, na kwamba tukikosa mtu mwenye yote mawili basi tuchukue mwenye tabia, elimu tuiache kwa vijana. Sisi hatuoni hivyo. Kujifunza ni sehemu ya tabia yenyewe. Mtu mzima haachi kujifunza kwa sababu vitabu vimekwisha, wala kwa sababu macho yamechoka. Huacha kwa sababu anaona haya kuonekana hajui. Na haya ya namna hiyo, tukiitazama vizuri, ni jina jingine la kiburi.

Yaliyotupata wenyewe

Si haki kuwasema wengine kabla ya kujisema. Sisi tunaoandika haya tuliwahi kuwa wajumbe wa kamati ya msikiti mmoja katika nyanda hizi. Jina lake hatulitaji, kwani yaliyotokea pale yangeweza kutokea popote. Waumini walikuwa wameshirikiana kufyatua matofali, wakayachoma, na kuta zikasimama hadi kwenye linta. Kilichobaki kilikuwa mbao na mabati. Tukaanza kuchangisha.

Mwenyekiti wetu alikuwa mzee mmoja ambaye hakuna mtu aliyewahi kumtilia shaka. Alipokabidhiwa mchango wa muumini aliufunga kwenye kitambaa, akauweka mbali na fedha zake, na hata nyumbani kwake palipopungua chumvi hakuigusa. Lakini zama zimebadilika. Michango mingi haikuja mkononi; ilitumwa kwa simu na watoto wa kijiji walioko Dar es Salaam, Mwanza na Kahama. Mzee alipokea ujumbe, akamwita kijana yeyote aliyekuwa karibu amsomee, kisha akaenda kwa wakala kutoa fedha. Mtunza hazina aliandika kile alichoambiwa. Sisi wajumbe, ambao tulikuwa tumesoma, tulitia saini.

Ulipofika wakati wa kununua mabati, fedha zilizokuwapo hazikulingana na daftari. Zilipungua shilingi 94,000. Hakuna aliyesema neno mkutanoni, ila baada ya swala watu walisimama wawili wawili chini ya mwembe. Baada ya wiki mbili michango ilikoma. Wengine wakaanza kuswali Ijumaa katika kijiji cha jirani. Mwezi wa Oktoba mvua zilianza, na katika nyanda zetu hizi mvua zikianza haziondoki kabla ya Aprili au Mei. Kuta zetu zisizo na paa zilipigwa na maji msimu mzima, na upande wa kibla ukaanguka.

Aliyetuokoa alikuwa binti wa shule ya sekondari, mjukuu wa mzee huyo, aliyekuja likizo. Jioni moja baada ya swala ya Isha alikaa na simu ya babu yake na daftari la kamati, akasoma ujumbe mmoja baada ya mwingine. Hakuchukua hata saa mbili. Michango miwili, mmoja wa shilingi 20,000 na mwingine wa shilingi 40,000, ilikuwa imeandikwa mara mbili mbili, kwa kuwa watumaji walipiga simu baadaye kuulizia na mtunza hazina akadhani ni michango mipya. Hiyo ni shilingi 60,000. Zilizobaki, shilingi 34,000, zilikuwa makato ya kutolea fedha kwa wakala, ambayo hakuna aliyeyaandika. Hakuna aliyeiba hata senti moja.

Ndugu zetu, tunaomba mlitafakari hilo. Ukuta wa nyumba ya Mwenyezi Mungu ulianguka, jamaa ya waumini ikagawanyika, na mzee mwaminifu akanong'onwa kama mwizi, ilhali mwizi hakuwapo. Kilichokuwapo ni kutojua, na pembeni yake watu waliojua kidogo ambao waliona aibu kuuliza. Maana mzee yule hakuficha kwamba hawezi kusoma zile jumbe. Tulioficha ni sisi. Tulitia saini kurasa ambazo hatukuzielewa, kwa kuwa kila mmoja wetu alidhani mwenziwe ameelewa, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema, "Mimi sijafahamu." Mzee, baada ya kuelezwa makosa, alimwambia mjukuu wake mbele yetu sote amfundishe kusoma namba za simu na salio. Alikuwa amepita miaka sitini. Siku ile tulijua ni nani kati yetu aliyestahili kuwa kiongozi.

Dini yetu imesemaje

Tukirejea katika Kurani Tukufu tunakuta kwamba jambo hili halikuachwa wazi. Nabii Yusuf (a.s.) alipomwomba mfalme wa Misri amweke juu ya maghala ya nchi, hakutaja ukoo wake, ingawa alikuwa mtoto wa nabii na mjukuu wa manabii. Alitaja sifa mbili: kwamba yeye ni mtunzaji, na kwamba yeye ni mjuzi. Kutunza ni tabia. Kujua ni elimu. Zote mbili zilihitajiwa katika kazi ile ile moja ya ghala. Mtunzaji asiyejua angaliwaachia watu wale mavuno ya miaka saba ya neema, na nafaka ingaliharibika. Mjuzi asiyetunza angaliiuza kabla ya njaa kufika. Yusuf aliwaelekeza waiache nafaka katika masuke yake. Mkulima yeyote wa Kibondo anayeweka mahindi na magunzi yake juu ya dari anafahamu kwamba huo ni ujuzi, tena ujuzi wa mikono.

Vivyo hivyo katika Sura Al-Baqarah tunasoma habari za Talut. Wana wa Israeli walipoambiwa kwamba ndiye mfalme wao walipinga, wakasema hana mali. Wakajibiwa kwamba Mwenyezi Mungu amemchagua na kumzidishia upana wa elimu na wa mwili. Malalamiko yale tunayasikia hata leo. Mtu maskini mwenye akili akisimama kugombea, huulizwa ana nini.

Mfano mkubwa kuliko yote katika bab hii ni ule wa Nabii Musa (a.s.) katika Sura Al-Kahf. Musa alikuwa amekwisha pewa utume, na alikuwa kiongozi wa taifa zima. Hata hivyo alifunga safari ndefu kumtafuta mja mmoja aliyepewa elimu ambayo yeye hakupewa, na alipomkuta alimwomba ruhusa amfuate ili afundishwe. Hakumwita aje kwake, alimwendea. Wala mafunzo yale hayakuwa mepesi, maana kila hatua alikosolewa. Na Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ambaye aliteremshiwa wahyi, aliamriwa amwombe Mola wake amzidishie elimu. Ikiwa yeye aliamriwa kuomba azidishiwe, ni nani miongoni mwetu wa kusema, "Inanitosha"?

Sayyidna Umar (r.a.) aliwausia watu wapate ufahamu kabla ya kufanywa wakubwa wa wenzao. Maneno hayo yamepokewa katika mkusanyo wa Imam Bukhari, katika kitabu cha elimu. Nasi tungeweza kuyafahamu vibaya, tukadhani kwamba mtu akishafanywa mkubwa masomo yamekwisha. Kwa hiyo Imam Bukhari mwenyewe aliongeza pale pale kwamba hata baada ya kufanywa wakubwa wajifunze, kwani Masahaba wa Mtume walijifunza hali wakiwa watu wazima wenye umri mkubwa. Tunaiona nyongeza hiyo kuwa dawa ya ugonjwa wetu. Sisi tunajua sana kujifunza kabla ya cheo. Aghalabu tunajifunza ili tupate cheo. Kujifunza baada ya cheo ndiko kumetushinda.

Mtu wa Ujiji

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa karibu na zama zetu. Katika mkoa wetu huu wa Kigoma, mjini Ujiji, mwaka 1924, alizaliwa Sheikh Kaluta Amri Abedi. Vijana wengi wanalijua jina lake kwa sababu ya uwanja wa michezo wa Arusha unaoitwa kwa jina hilo. Wapenzi wa ushairi wanamjua kwa kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilichotolewa mwaka 1954. Lakini tukiyatazama maisha yake kama maisha ya kiongozi, tunaona jambo ambalo wachache hulitaja: hakuna cheo alichokifanya kuwa kituo cha kushukia.

Alisoma Tabora, kisha akaingia katika kazi ya kufundisha dini, na alikuwa miongoni mwa walioshiriki katika kuifasiri Kurani Tukufu kwa Kiswahili, tafsiri iliyochapishwa mwaka 1953. Kitabu chake cha mashairi nacho kina funzo kwa jina lake tu. Malenga mwenye kipaji angeweza kuridhika na diwani yake akasifiwa. Yeye alitanguliza kanuni, ili na asiye na kipaji kama chake apate pa kuanzia. Mtu anayependa kujifunza hupenda pia wengine wajifunze. Anayeogopa kupitwa ndiye huficha.

Wakati huo alikuwa na umri wa miaka thelathini, anajulikana kwa mashairi na kwa mahubiri, na angeweza kukaa akahudumiwa. Badala yake alikwenda Pakistan akawa mwanafunzi tena, akajifunza dini na lugha katika nchi ambayo kila kitu kilikuwa kigeni kwake. Mwaka 1960 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam. Mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria, naye hakuwa amesomea uwakili.

Hapo ndipo tungependa viongozi wetu wasimame kidogo. Mtu aliyepewa wizara ambayo hakuisomea ana njia mbili. Ya kwanza ni kujifanya anajua, akasaini kile anacholetewa, kama sisi tulivyosaini daftari letu. Ya pili ni kuanza na kile anachokijua kwa hakika na kukitumia kama ngazi ya kufikia asichokijua. Sheikh Amri alikijua Kiswahili. Sheria za nchi zilikuwa zimeandikwa kwa Kiingereza, na mwananchi wa kawaida aliyesimama kizimbani hakuyafahamu maneno yaliyomhukumu. Kazi ya kutafuta na kukusanya maneno ya sheria kwa Kiswahili ilianza siku zake katika wizara ile. Ilichukua miaka mingi baada yake, na ni mwaka 2021 tu ambapo Bunge lilipitisha marekebisho ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zote. Lakini njia ndefu haianzwi na wale wanaoifika mwisho.

Alifariki Ujerumani mwezi wa Oktoba 1964, akiwa na miaka arobaini tu. Tangu umeya hadi kifo chake ilikuwa miaka minne. Tunawataka wale wanaosema, "Nimekwisha zeeka, siwezi tena kujifunza," wapime: miaka minne ya mtu anayejifunza huacha athari kubwa kuliko miaka ishirini ya mtu aliyekalia kiti.

Taifa lililokaa darasani

Wazee wetu hapa wanayakumbuka madarasa ya jioni, chini ya miti na katika maghala ya ushirika. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 1967, kati ya kila watu wazima 100 wa Tanzania Bara, karibu 67 hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu vijijini kuzunguka redio, wakafundishwa kuchimba vyoo na kuchemsha maji. Ilipofika mwaka 1975 wasiojua kusoma walikuwa wameshuka hadi karibu 39 kwa kila 100. Hizo hazikuwa siku za neema. Kulikuwa na ukame na shida nyingi. Hata hivyo mwanamume mwenye wajukuu alikubali kushika chaki mbele ya mwalimu wa umri wa mwanawe.

Na aliyeongoza taifa wakati huo, Mwalimu Julius Nyerere, hakuwaambia watu wasome huku yeye amefunga vitabu. Katika shughuli zote za uongozi alipata nafasi ya kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili: ile ya Julius Caesar iliyotoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Mtu anaweza kutofautiana na siasa zake, na wako wengi katika vijiji vyetu wenye sababu za kutofautiana nazo. Lakini mfano wa mkuu wa nchi anayebishana na maneno usiku kama mwanafunzi ni mfano ambao haupotezi thamani.

Wanaopinga

Tunajua kwamba wako watakaotujibu, na jibu lao si dogo. Watasema: "Waliotuibia si wale wazee wasiojua kusoma. Waliotuibia ni wasomi. Wezi wa mali ya umma wana vyeti." Kweli. Ndiyo maana Azimio la Arusha la mwaka 1967 halikuwauliza viongozi wana elimu kiasi gani. Liliwakataza kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni, na nyumba za kupangisha. Na baada ya masharti hayo kulegezwa Zanzibar mwaka 1991, ilionekana tena haja ya kutungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, inayowataka viongozi watoe tamko la mali zao. Taifa lilikwisha tambua kwamba elimu peke yake haimzuii mtu kunyoosha mkono.

Lakini tuwaulize nao: yule msomi mwizi, huibia wapi? Huibia mahali ambapo waaminifu hawajui hesabu. Mwaminifu asiyejua ni kama mlango usio na komeo. Yeye mwenyewe haibi, ila wengine hupitia kwake, na asubuhi yeye ndiye hulaumiwa. Kwa hiyo dawa ya msomi mwizi si kuwatafuta waaminifu wajinga. Dawa yake ni waaminifu kuamka na kujifunza. Na tena, elimu iliyoishia kwenye cheti siyo tunayoisema. Msomi aliyeacha kusahihishwa tangu alipotoka chuoni ni sawa na yule mzee asiyetaka kushika chaki, isipokuwa yeye ana joho.

Wengine watasema kwamba kiongozi akikiri mbele ya watu kwamba hajui, atadharauliwa. Wahenga wametujibia: kuuliza si ujinga. Nasi tunaongeza yale tuliyoyaona kwa macho yetu. Yule mwenyekiti wetu, siku aliposema, "Mjukuu wangu, nifundishe," hakupungukiwa na heshima hata kidogo. Wale waliokuwa wamehamia kijiji cha jirani walirudi Ijumaa iliyofuata. Watu hawamwogopi kiongozi asiyejua, wanamwogopa anayeficha.

Ya kujifunza leo

Kiongozi wa kijiji cha leo ana mengi ya kujua kuliko babu zake. Sheria inamtaka mwenyekiti wa kijiji ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, lakini huo ni mlango tu. Halmashauri ya Kijiji ina wajumbe kati ya 15 na 25. Ni wangapi kati yao waliokwisha isoma Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999? Sheria hiyo inasema kwamba Halmashauri husimamia ardhi kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji, wala haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Inasema pia kwamba mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya ardhi ni batili, na kwamba katika Baraza la Ardhi la Kijiji lenye watu saba, watatu kwa uchache wawe wanawake. Mjane anayefukuzwa shambani na shemeji zake katika vijiji vyetu ana haki mbili zinazomlinda: fungu lake la mirathi katika dini yake, na sheria ya nchi yake. Mara nyingi hukosa zote mbili, kwa sababu aliyekaa kuamua shauri lake hazijui, naye anaona aibu kuuliza.

Zaidi ya hayo, wilaya zetu zimekuwa mpakani mwa misiba ya majirani. Tangu mwaka 1993 viongozi wa vijiji vya Kibondo na Kasulu wamelazimika kuishi na mambo ya wakimbizi, makambi, mipaka na mashirika, mambo ambayo hakuna aliyewafundisha utotoni. Waliokubali kujifunza walisuluhisha magomvi ya kuni na maji kabla hayajawa ya mapanga. Waliojifanya wanajua waliyaacha yakawaka.

Tufanyeje

Basi sisi tunapendekeza mambo manne, na yote yanaweza kuanza Ijumaa hii bila kungoja msaada wa mtu.

La kwanza, hesabu za msikiti zisomwe kwa sauti kila mwezi mbele ya waumini wote, wanaume na wanawake, pamoja na makato ya simu, hata yakiwa shilingi mia. Na aulizwe kila mtu kama amefahamu. Anayesema hakufahamu asichekwe, ashukuriwe.

La pili, imamu, mwenyekiti, katibu na mtunza hazina wakae katika darasa la msikiti kama wanafunzi, angalau mara moja kwa wiki. Mtoto anayemwona mwenyekiti ameshika daftari pembeni yake hahitaji kuhubiriwa kuhusu faida ya elimu.

La tatu, tusiangalie umri wala jinsia ya anayetufundisha jambo analolijua. Inasimuliwa kwamba baada ya vita vya Badr, baadhi ya wafungwa wa Makka waliokosa fidia walipewa kuwafundisha watoto wa Madina kuandika ili waachiwe huru. Ikiwa elimu ilipokewa kutoka kwa adui aliyefungwa, vipi tutaikataa kutoka kwa binti yetu aliyerudi likizo?

La nne, tunapochagua, tumpime mtu kwa lile swali tulilolianza nalo. Tusimwulize ana shahada gani tu, wala tusiridhike kwamba ni mpole. Tumtafute aliyewahi kukosea, akaelezwa, akashukuru. Hakika huyo ndiye atakayeweza kuongoza katika mambo ambayo leo hakuna hata mmoja wetu anayeyajua.

Ukuta ule wa upande wa kibla ulijengwa upya, na paa likawekwa kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Mzee wetu ametangulia mbele ya haki. Daftari la mwisho aliloliacha lina mwandiko wake mwenyewe, wa herufi kubwa na zilizopinda, na kila makato yameandikwa.

Mwenyezi Mungu amrehemu, atuzidishie elimu yenye manufaa, atuondolee kiburi kinachotuzuia kuuliza, na atupe viongozi watunzaji walio wajuzi. Amin.